Alama za penseli mlangoni kwa Brooke

Denise, shika simu! Haya, basi soma. Nimetoka kuwachukua watoto kwa baba yao.

Kumbe safari ya Orlando, kwenye zile bustani za michezo, si Curtis anayeipanga. Anaipanga BROOKE, mke wake mpya! Kabandika ratiba kwenye friji, siku kwa siku, na kachapisha fulana nne za njano zenye majina yao na ya watoto. Nne, shoga. Zinawatosha kabisa.

Nikamkuta Owen wangu kasimama wima kwenye mlango wa jikoni, Brooke anampima kwa penseli, maana kule treni ya michezo, ile ya kupinduka kichwa chini, hawapandi walio chini ya inchi arobaini na nne.

"Mama, nimefika! Nimefika!"

Mlango wa KWAKE, Denise. Watoto WANGU. Tessa naye alama zake zipo, kila mwezi tangu Krismasi!

Nikashindwa kujizuia. "Hizo inchi zako ni za uongo. Mlango wangu unasema arobaini na mbili." Nimesema hivyo mbele ya mtoto!

Wala hakukasirika. Akaniuliza taratibu, "Ulimpima lini?"

ULIMPIMA LINI. Ananiuliza mimi!

Nimefika nyumbani mbio hadi mlangoni kwetu. Alama ya mwisho ni ya mwaka jana, wiki ile Curtis alipohama. Mwandiko ni wake. Zote ni mwandiko wake.

Sasa Owen kasimama hapo, visigino ukutani, kidevu juu, ananisubiri.

Na mimi nyumba nzima sina penseli.