Lami Iliyopikwa Mpaka Ikawa Jiwe

Mjukuu wangu Nyamisi,

Marahaba. Hapa Nansio tu wazima, ila mbuzi wa shangazi yako amekula kofia yangu ya kanisani.

Eti mafuta hugeukaje lami ngumu ndani ya mwamba? Umevuka bahari kusoma, halafu unamuuliza mtu wa darasa la nne! Haya, sikia.

Ujanani nilikuwa nachemsha lami ya kuzibia mitumbwi. Siku moja bibi yako, msichana bado, akapita na ndoo ya maji. Nikamsindikiza mpaka kwao, sufuria nikaiacha motoni. Kurudi, vyepesi vyote vimeondoka na moshi, limebaki jiwe jeusi linalong'aa. Nikaongeza moto, nikaliloweka kwenye mafuta ya taa, halikulainika. Fundi akafoka, "Umenipikia makaa, mjinga wewe!" Bibi yako aliposikia, alicheka mpaka akakaa chini. Nadhani mafuta yenu huko chini nayo yalipikwa kupita kiasi.

Tangu tumzike, nyumba imenyamaza. Wewe unacheka kama yeye, ila simu inakikatakata kicheko. Njoo ucheke humu ndani, hata siku mbili tu.

Babu yako