Nilisafisha Kompyuta za Mapokezi, Anayefukuzwa ni Mama Elisifa

Mshauri, nakuandikia kwa haraka na nakuomba unijibu kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa kuna kikao, na mimi nimeshachoka na hawa watu.

Mimi ni msimamizi wa kompyuta katika taasisi moja yenye hospitali huko juu mlimani, jina lake naliacha. Nimezaliwa Moshi mjini ila kwetu ni huko huko juu. Ofisi yangu iko mjini, na kwa kuwa kompyuta zote za hospitali nazifikia kwa mtandao nikiwa nimekaa mezani kwangu, sioni haja ya kupanda, barabara yenyewe ukiipita wakati wa masika unarudi na matope hadi shingoni, kwa hiyo katika miaka miwili nimefika mara mbili. Nimesomea kazi hii, vyeti ninavyo, na nilipoajiriwa niliambiwa nilete nidhamu kwenye mfumo, nami nikaileta. Neno la siri linabadilishwa kila siku thelathini, liwe na herufi kubwa na namba na alama, na kompyuta ikikaa dakika tatu bila kuguswa inajifunga, mambo ya kawaida kabisa mahali popote penye akili. Lakini watu wa mapokezi, mshauri! Simu yangu haipumziki. “Baba, mashine imejifunga tena.” “Baba, imenikatalia kuingia, na mimi ni yuleyule wa jana.” Mama mmoja akaniambia, “Mwanangu, nikienda kabatini kuchukua faili nikirudi imeshanisahau, hata mbwa wangu hanisahau upesi hivyo.” Wenzake wakacheka nyuma yake, nikawasikia.

Huyo ndiye Mama Elisifa, karani wa mapokezi, yuko pale miaka ishirini na sita na amebakiza miezi kumi na minne kustaafu. Nilipopanda mara ya pili nilikuta neno la siri limeandikwa kwenye plasta ya kufungia vidonda na kubandikwa nyuma ya kalenda, na makarani wote wanne wanatumia hilo hilo moja. Nikasema, shikamoo mama, hii ni nini? Akasema, “Marahaba baba, hiyo ni dawa.”

Mwezi wa pili nikaamua kusafisha taarifa za wagonjwa. Kwenye nafasi ya namba ya simu nikakuta maneno. Maneno, mshauri, si namba! “Mke wa marehemu Ndeoya, mfongo wa juu.” “Wa kwa fundi cherehani.” “Mama wa mapacha, si yule wa ng'ombe weusi.” Wagonjwa elfu tatu mia nane na kumi na wawili wameandikwa namna hiyo. Nikaona huu ni uchafu, mfumo wa kisasa haujazwi umbea wa njiani, nikaandika amri moja, Jumamosi saa nne asubuhi, yakafutika yote, na nafasi ile nikaifunga isipokee kitu kingine zaidi ya tarakimu kumi. Sikuuliza mtu, maana ningemuuliza nani wakati wao ndio walioandika uchafu wenyewe. Nakala ya akiba ya siku iliyotangulia ninayo kwenye diski kabatini kwangu, hivyo kwa utaratibu sikukosea.

Unajua walichofanya? Wazee wengi hawana simu, na fomu haiendelei bila namba, basi wakawa wanaandika namba yangu mimi, ile niliyoibandika ukutani na maneno “ukikwama piga hapa”. Na mfumo ndio unaotuma ujumbe wa kuwakumbusha wagonjwa siku za kliniki, kwa hiyo sasa unanikumbusha mimi. Kwa siku moja nimepokea ujumbe arobaini na moja. Mke wangu Brenda aliishika simu yangu tukiwa tunakunywa chai, akasoma, “Ndugu mgonjwa, kesho ni siku yako ya kliniki ya wajawazito,” akanitazama akasema, “Hongera, baba Calvin, ni ya miezi mingapi?” Yeye anacheka, mimi sicheki.

Sasa Jumanne ya wiki iliyopita ndipo lilipotokea. Alikuja mama mzee anaitwa Monica Mushi, ana kidonda mguuni. Ukiandika jina hilo kwenye mfumo wetu wanatokea akina Monica Mushi kumi na mmoja, sita kati yao wana namba yangu ya simu, na hata mwaka wa kuzaliwa wengi wamekisia tu. Karani kijana, Hellen, akachagua wa kwanza kwenye orodha. Taarifa zikaonyesha hana mzio wa dawa yoyote, daktari akaandika sindano ya penisilini, muuguzi akaivuta. Mama Elisifa alikuwa anapita na mafaili mkononi, akamwona mgonjwa kitandani, akasimama.

“Nesi, hiyo sindano ya nani?”

“Ya Monica Mushi.”

“Monica yupi?”

“Mama na wewe, Monica ni Monica.”

“Huyu ni wa mfongo wa juu! Dawa hiyo ilimwangusha mwaka juzi, tulimrudisha kwa shida. Weka chini! Weka chini, nimesema!”

Ikawekwa chini. Mama yule amerudi kwake mzima.

Mganga mfawidhi, Dokta Yoramu, akataka maelezo kutoka kwangu. Niliandika ukurasa mmoja, kwamba chanzo ni uzembe wa watumiaji wa mfumo. Nikaongeza kwamba wanabandika neno la siri ukutani, na kwamba Mama Elisifa ana kaunta buku anamoandika wagonjwa kwa kalamu kinyume na waraka wangu wa kusitisha makaratasi. Yote hayo ni kweli. Habari ya amri ya Jumamosi ile sikuiandika kwa sababu sikuulizwa. Sasa Ijumaa Mama Elisifa anaitwa kwenye kamati ya nidhamu, na nimesikia barua ya kumwachisha kazi imeshachapwa. Jana alinipigia nikadhani anataka kunigombeza, kumbe anauliza, “Baba, nisaidie kitu kimoja, yale maneno yetu kwenye mashine yalikwenda wapi? Kamati wakiniuliza niseme nini?” Nikamwambia mtandao ulikuwa unasumbua.

Kumbukumbu za mfumo zinaonyesha tarehe, saa na jina la aliyefuta, na anayeweza kuzifungua ni mimi peke yangu. Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita, na nikisema ukweli, sijui kama wataniongezea. Lakini hilo silo ninalokuuliza hasa, ninachotaka kujua ni hiki, nifanye nini ili watumiaji wa namna hii wafuate mfumo? Nimechoka, mshauri.

Msimamizi Aliyechoka, Moshi

JIBU

Msimamizi,

Barua yako ilifika Jumatatu. Nimeipitisha mbele ya nyingine kwa sababu ya kikao. Gazeti linatoka leo Jumatano, kwa hiyo una leo na kesho. Majina yote nimeyabadilisha, la mgonjwa pia.

Nianze na yaliyo haki yako. Kupigiwa simu kutwa nzima na watu walionyimwa kuingia ni kazi ya kuudhi, na siku mashine zinapofanya kazi vizuri hakuna anayekupigia kukushukuru. Neno moja la siri kwa watu wanne, tena nyuma ya kalenda, ni kosa. Mambo ya mgonjwa ni siri yake. Huruma yangu inaishia hapo.

Sasa tuyapange mambo yalivyofuatana, kwa kuwa kwenye ukurasa wako mmoja hukuyapanga. Ulifuta maneno yaliyomtofautisha Monica mmoja na mwingine. Ukafunga nafasi yalipokuwa yakiandikwa. Makarani wakaanza kuandika namba yako ili fomu ipite. Hellen akafungua orodha ya wanawake kumi na mmoja wasiotofautika, akachagua mmoja. Sindano ikavutwa. Mtu aliyeizuia ndiye uliyemshtaki.

Unasema ulikosa wa kumuuliza. Wewe ni mtu wa huku. Desemba ukipanda kwenu kwa Krismasi, ukasimama njiani ukauliza ni wapi kwa Mushi, unajibiwa nini? “Mushi yupi?” Mjukuu anapewa jina la bibi yake, bibi naye alipewa la bibi yake, na ukoo mmoja umejaza mteremko mzima. Ndiyo maana watu wanatajwa kwa mfongo, yaani mfereji, unaomwagilia kihamba chao, shamba la ukoo, kwa waume zao, hata kwa ng'ombe. Fomu yako haikuwa na mahali pa kuandika hayo, makarani wakaazima nafasi ya simu. Walichokiandika kilikuwa kitambulisho cha mgonjwa. Wewe ukakiita umbea bila kuinua simu kuuliza, na simu unayo, namba yake iko ukutani.

Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Nilimpigia Hafidhi, anayesimamia kompyuta za chuo kimoja hapa mjini, nikamsomea barua yako bila kutaja mahali. Aliniacha nimalize.

“Ile diski bado iko kabatini?”

“Ndivyo alivyoandika.”

“Sasa anangoja nini, aisee?”

Anasema kuyarudisha maneno yale ni kazi ya asubuhi moja. Fungua nafasi mpya kwenye fomu, iite “anajulikana kama”, uyaweke humo bila kugusa yaliyoandikwa baadaye. Na nafasi ya simu iruhusu kuachwa wazi, mtu asiye na simu asilazimishwe kuwa nayo. Nilimuuliza pia kuhusu dakika zako tatu. Alicheka. “Mimi kabla ya kuweka dakika nakaa na mtu wa dirishani, nahesabu anaamka kitini mara ngapi. Dakika za mhasibu siyo dakika za mapokezi.”

Kuna jambo ambalo hukuliandika hata kwa mstari mmoja. Tangu mwezi wa pili, ni wagonjwa wangapi wamechaguliwa kwa kubahatisha, na hakupita mtu mwenye mafaili mkononi anayewajua kwa sura? Hujui. Mimi sijui. Dokta Yoramu anatakiwa ajue leo ili mafaili yapitiwe. Hiyo peke yake ingetosha kukutoa kitini, hata kama kusingekuwa na kamati.

Kwa hiyo leo unapanda. Matope yanafuliwa. Chapa ile kumbukumbu yenye jina lako, tarehe na saa, umkabidhi Dokta Yoramu mkononi. Usimtumie kwa mtandao. Mwambie maelezo yako ya kwanza yaliacha jambo kubwa, umwandikie mapya hapo hapo mezani kwake, na uombe yaingie kwenye jalada la kamati kabla ya Ijumaa. Nakala moja ni ya Mama Elisifa, kwa sababu mtu anayeitwa kujitetea lazima aone kilichoandikwa juu yake. Dokta akikuuliza kwa nini hukusema tangu mwanzo, mjibu ulivyonijibu mimi, kwamba hukuulizwa. Utasikia mwenyewe neno hilo linavyosikika ukilitamka mbele ya mtu.

Kesho rudisha maneno. Ijumaa uwe ndani ya kikao, hata kama hujaitwa. Omba kuingia.

Jumanne ijayo kaa nyuma ya dirisha la mapokezi tangu linapofunguliwa hadi saa saba mchana. Usiguse kipanya, usifundishe mtu. Hesabu mashine inajifunga mara ngapi na foleni inasimama kwa muda gani. Ukimaliza ndipo uamue dakika, na neno la siri la namna gani mtu wa kazi ile anaweza kulikumbuka bila plasta, kila karani na lake. Ile kaunta buku usithubutu kuichoma. Ifungiwe kabatini kwa matroni, na siku za kazi ukae na Hellen mwitumie kuiondoa namba yako kwa mgonjwa mmoja mmoja. Kazi hiyo itakuchosha. Vizuri. Hapo ndipo watu watakapoanza kufuata mfumo wako, ukianza kuwafuata walipo.

Kuhusu mkataba, sitakudanganya. Huenda wasikuongezee. Una vyeti na una umri wa kutafuta kwingine. Mama Elisifa ana miezi kumi na minne, na anatolewa kazini kwa kosa lako, kwa sababu ya siku aliyookoa mtu. Ukiyapima hayo mawili bado ukaona yanalingana, usiniandikie tena.

Limebaki moja, nalo ndilo la kwanza kulifanya, kabla hata ya kupanda. Alikupigia akakuuliza swali la kweli ukampa uongo. Asilisikie jibu mbele ya kamati, alisikie kwako. Mpigie sasa. Anza na shikamoo, ungoje marahaba, kisha sema: “Mama, yale maneno niliyafuta mimi.” Ukomee hapo. Akinyamaza, usikate simu.