Kitabu Nilichokifungia Kabatini

Shangazi mshauri, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi. Mimi ni msusi, nina saluni ndogo chumba cha mbele, niliolewa na mwanamume aliyefiwa na mke akiwa na binti mdogo, na binti huyo sasa yuko sekondari, nimemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu, ananiita mama mdogo na kila Jumapili ananiletea kichwa chake nimsuke huku tukipiga soga mpaka baba yake anaona wivu. Sasa kashikwa na vitabu vya hadithi za kale zilizosimuliwa upya, mara binti mfalme kakataa kuolewa, mara zimwi ndilo linalosimulia, nikajiuliza msichana mkubwa hivi na hadithi za chekechea wapi na wapi, lakini nikanyamaza, si anasoma jamani? Juzi kimoja kilikuwa kwenye benchi la wateja, mteja akakiokota akasoma kwa sauti, mama wa kambo kamfungia binti wa watu jikoni, kisha akasema, "Mwenye saluni, mbona umeandikwa humu!" Saluni nzima ikaangua kicheko, na binti kasimama mlangoni.

Shangazi, nilitamani ardhi ipasuke, nikakipokonya kitabu nikakitia kwenye kabati la dawa za nywele nikafunga kwa ufunguo, nikamwambia mbele za watu kwamba hana shukrani, tena karibu na mwisho wa kitabu kaweka uzi wangu wa kusukia kuwa alama, hata kuomba hakuomba! Hakulia. Alisema tu, "Mama mdogo, hata mwisho hujafika." Tangu hapo ni shikamoo na marahaba, basi, na Jumapili kaenda kusukwa saluni ya ng'ambo ya barabara, wateja wangu wakimwona. Baba yake anasema tumalizane wenyewe. Nampenda mtoto huyu na naogopa nimempoteza. Nikichome kitabu, au niende shuleni nikawaulize wanawapa watoto nini?

Msusi

*

Msusi, marahaba, na pole. Neno "kambo" linachoma hata aliyelea vizuri, na huyo mteja wako mdomo wake hauna breki. Lakini weka kiberiti chini! Hasira hasara, na yako imekupotezea kichwa ulichokuwa ukikisuka kila Jumapili.

Hata mimi nilivibeza vitabu hivyo, mpaka nilipoazima kimoja kwa mjukuu wangu, sufuria ikaungua nami nimekaa nasoma. Si vya chekechea, mwanangu. Sisi tuliambiwa zimwi ni baya, mama wa kambo ni mbaya, binti asubiri kuokolewa, tukalala. Kijana wa umri wa binti yako halali kirahisi hivyo. Hadithi anaijua, kwa hiyo haogopi kuingia. Anachotaka ni kuuliza nani kasema, na huyo mama mbona hakuulizwa. Wako ana sababu zaidi, maana yeye na wewe watu wamekwisha kuwapangia hadithi: yatima na mama wa kambo. Anatafuta aliyeisimulia vingine. Nawe ukafanya nini? Ukapokonya, ukafungia, ukamsuta mbele za watu. Ukamsaidia yule mteja!

Shuleni usiende. Fungua kabati, kisome kitabu kuanzia mwanzo, usiruke. Kisha mrudishie mkononi, umwombe radhi, na iwe siku wateja wamejaa, kwa kuwa ulimwaibisha mbele zao. Muulize anampenda nani humo, halafu nyamaza umsikilize. Habari ya nywele usiitaje kabisa. Kichwa atakileta mwenyewe.

Na huo uzi unaoulalamikia, hebu fikiri. Mtoto anayekusema vibaya angekificha kitabu chini ya godoro. Yeye alikiacha kwenye benchi lako, na ukurasa kauwekea alama kwa uzi wako. Alitaka uufikie. Ukurasa huo unasema nini, mimi sijui. Ufunguo unao wewe.