Uzi Juu ya Tufe

Mwanangu kitindamimba,

Sisi tupo, na paka amezalia kwenye kabati la vitabu vyangu. Dada yako ataipiga picha barua hii akutumie, maana kwa simu ningeshindwa kuyasema haya.

Jumatatu mama yako, ugonjwa umemlaza kitandani, aliniuliza, "Baba watoto, aliko ni mbali kiasi gani?" Nikateremsha lile tufe nililofundishia jiografia, nikanyoosha uzi wake wa kushonea kutoka mji wetu hadi wenu. Nikamweleza: kilomita elfu tisa, ndege hukata mia nane kwa saa, basi ni mwendo wa saa kumi na moja na ushei.

Akacheka. "Kumbe karibu hivyo! Usimwite basi, amalize mitihani. Nikizidiwa atapanda asubuhi, usiku yuko hapa. Niahidi." Nikaahidi.

Mwalimu mzima nikakosea hesabu ya darasa la nne. Uzi haujui kusubiri. Haujui kuwa ndege haziondoki kila siku, wala kuwa utabadilisha mbili na kulala kwenye viti vya uwanjani. Dada yako amenihesabia: kutoka mlango wako hadi wetu ni siku mbili kasoro.

Tangu hapo amelazwa hospitali, na jana daktari alinivuta koridoni. "Mzee, wiki ijayo tusiahidiane."

Mama yako ameuviringisha ule uzi kidoleni, na kila muuguzi anamwambia mwanawe yuko karibu. Sijamsahihisha. Ahadi nimeivunja; mitihani hurudiwa.

Ondoka leo, mwanangu, kabla hajajua kwamba nilikosea.

Ni mimi, baba yako.