Posa ya Kwenye Simu

Kinole, Jumapili

Dada Lucy,

Shikamoo. Huku hatujambo, mafenesi yameiva hadi yanadondoka yenyewe.

Ule mchezo wetu wa kutaja siri kwenye simu ya video umezua jambo. Stefano aliposema anakupenda tangu tulipokuwa kwaya ya parokia, picha yako ikapotea. Basi hukumwona mjomba, aliyekuwa nyuma yangu akimenya chungwa, akininyang'anya simu: "Kijana, kwetu posa huletwa kwa mjomba. Umeshaileta!" Wenzetu wakapiga vigelegele. Stefano nusura azimie.

Sasa mjomba anataka jibu lako. Usisingizie mtandao wa Muscat, dada. Ulizima kamera, sauti ukaiacha. Sote tulikusikia ukicheka huku unalia.

Mdogo wako niliyekwishapimwa gauni,
Bernadeta