Mtoto wa Kwenye Jalada

Jumatatu, 3 Machi

Hatimaye nimefungua kabati la Shangazi. Miezi miwili tangu tumzike, na nilikuwa nalipita kama silioni. Chini ya mashuka — bahasha ya kaki. Ndani karatasi moja tu, wito wa mahakama. Baba anatakiwa kufika, shauri la malezi ya mtoto. Aliyefungua shauri: mama yangu.

Nimesoma mara tatu nikiwa nimesimama. Halafu nikakaa sakafuni.

Maisha yangu yote nimeambiwa mama aliondoka nikiwa na miaka sita, hakugeuka nyuma. Baba akaniacha kwa dada yake, akafa nikiwa darasa la nne. Shangazi ndiye aliyenilea. Sasa mtu aliyeondoka bila kugeuka nyuma, mahakamani alifuata nini?

Namba ya kesi imeliwa na mchwa. Mwaka unasomeka.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia binamu, mtoto wa Shangazi. Nikamsomea. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha: "Dada, mama hana hata miezi mitatu ardhini, ushaanza kufukua."

Nikamwambia nafukua kabati, si kaburi. Hakucheka. Akasema anaingia kikaoni. Saa moja asubuhi!

Alhamisi, 6 Machi

Nimeomba ruhusa kwa daktari wa meno ninayemtengenezea meno ya bandia. Amenuna. Kuna bibi ana harusi ya mjukuu Jumamosi, hataki kwenda kibogoyo, na meno yake nimeyaacha yakiwa bado kwenye nta. Nimeahidi kurudi kabla ya saa sita.

Masjala ya mahakama iko chini ya ngazi, kidirisha chenye nondo. Karani ana miwani puani na mingine kaipandisha kichwani. Nimembatiza Miwani Miwili. Namba ya kesi? Sina. Basi andika ombi: majina ya wazazi, mwaka, sababu. Kwenye "sababu" kalamu ikagoma. Mwishowe nikaandika: Nataka kujua.

Akasema mashauri ya watoto hayafunguliwi ovyo. Ni wazazi, au mtoto mwenyewe.

"Mtoto mwenyewe ni mimi."

Akashusha ile miwani ya kichwani, akaziangalia mvi zangu. "Haya, mtoto. Lete cheti cha kuzaliwa."

Nimecheka hadi barabarani. Nikatamani kumsimulia mtu. Nimefika maabara, daktari yuko na mgonjwa. Nimeyasimulia meno ya bibi.

Jumatano, 12 Machi

Cheti nimepeleka. Rejista ya mwaka ule ni nzito kama godoro lililolowa. Tumepekua pamoja, yeye upande wake, mimi wangu, vumbi hadi kooni. Tumeipata! Jina la mama kwa wino wa bluu, la baba chini yake. Mbali na kwenye cheti changu, sijawahi kuyaona yamekaa pamoja.

Jalada lenyewe liko ghalani. Na hakimu lazima aruhusu. Watanipigia.

Ijumaa, 14 Machi

Hawajapiga.

Jumanne, 18 Machi

Hawajapiga. Binamu naye kimya. Jumapili nilizoea kula kwao. Juzi nimekula mkate nimesimama jikoni, redio ikiongea peke yake.

Ijumaa, 21 Machi

Hakimu ameruhusu nisome palepale, mbele ya karani. Jalada jembamba, limefungwa kwa kamba ya katani.

Mama alifika mara saba. Saba! Mara ya kwanza baba hakutokea. Ya pili hakutokea. Ya tatu alituma barua kwamba anaumwa. Mara ya sita walinipeleka mimi. Nanukuu, maana nimeshaishika kwa moyo:

"Mtoto, umri miaka sita, ameulizwa anataka kuishi na nani. Anajibu: Kwa shangazi. Yule mama simtaki. Mwombaji analia. Shauri linaahirishwa kwa dakika kumi."

Dakika kumi.

Navikumbuka viatu vyeupe. Siku zote nilidhani tulikwenda kupiga picha. Shangazi amepiga magoti ananifunga mikanda ya viatu — ukiulizwa utasema nini? Sema tena. Tena. Nadhani nilisema vizuri. Alininunulia soda.

Na ni huyohuyo aliyelala sakafuni kando ya kitanda changu wiki nzima nilipougua surua. Nimchukie vipi? Na nimuulize nani sasa?

Karani akainuka, akasema anakwenda kutafuta gundi. Gundi ilikuwa mezani.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeomba nakala yenye muhuri. Miwani Miwili anasema upande wa pili lazima uarifiwe kwanza. Baba ni marehemu. Upande wa pili ni mama.

Nikasema anwani ya mama iliyomo jaladani ina miaka thelathini na tano, nani atakuwa bado yuko pale? Akafunua hadi mwisho wa jalada, mahali ambapo sikufika Ijumaa. Barua ya miaka sita iliyopita. Mama anaiarifu mahakama kwamba amehama, anwani mpya ni hii, "endapo mtoto ataulizia".

Kesi ilishafungwa zamani! Karani anasema tangu aanze kazi hajaona mtu anafanya hivyo.

Jumatano, 9 Aprili

Wamepiga. Mama amejibu. Yuko hai. Hapingi nipewe nakala, ila anaomba awepo siku ya kukabidhiwa. Je, nakubali? Nilikuwa na kisu cha nta mkononi. Nimesema ndiyo haraka mno, kama mtu anayeogopa kuulizwa mara ya pili.

Nimempigia binamu. "Na mama yangu je? Ndiyo ageuke mchawi sasa?" Nikasema hapana. Nilimaanisha. Tukabaki tumeshika simu, hakuna anayekata.

Alhamisi, 17 Aprili

Naandika hapahapa, kwenye benchi la masjala. Miadi ni saa nne. Nimefika saa mbili na nusu! Gauni nimebadilisha mara mbili. Nimefanya mazoezi ya kumsalimu. Shikamoo naiweza. Baada ya hapo sijui.

Saa nne kasoro. Kuna mama mzee ameingia, mkoba kaubana kifuani, ameketi mwisho wa benchi. Akaniuliza kama hapa ndipo wanapotoa nakala. Nikasema ndiyo, nikainamia daftari. Hata shikamoo sikutoa!

Ana mwanya juu, umeegemea kushoto kidogo. Mimi kazi yangu ni meno. Huo mwanya nauona kila asubuhi nikipiga mswaki.

Amesogea. Sasa kati yetu kuna nafasi ya mtu mmoja. Amenyoosha shingo kidogo, anauliza taratibu, kama mtu anayetaka tu kupitisha muda: "Na wewe mwanangu, umefuata jalada la nani?"

Kila mtu anaitwa mwanangu na wazee, najua.

Ameacha kuangalia kidirisha. Ananiangalia mimi, anasubiri, na mimi bado naandika —