Mkojo wa Papa Mulongo

Kalemie, Jumanne

Nilitaka kumuogopesha tu. Papa Mulongo, mkubwa wa laboratwari, kila asubuhi ananiita mimi mfagiaji Dokta Ufagio. Leo miguu ilimvimba, akataka kujipima mkojo, nami nikautia kwa siri unga alioacha Mzungu mmoja mchunguza maji. Chembe zake hujikunja zikipata moto, maji yanakuwa meupe. Yakipoa, zinavimba, yanang'aa tena.

Akaupasha moto katika kichupa. Ukawa maziwa.

"Albumini! Protini katika mkojo! Figo zangu zimekwisha!"

Nilimwacha alie kwanza. Kisha nikasema, "Papa, hii njo unga tu, si ugonjwa, nimekuchezea."

Alinitukana, akacheka, akaenda kula samaki wa chumvi.

Nikangoja kichupa kipoe. Kilipopoa, mkojo haukung'aa. Protini, kama ute wa yai, ikiiva hairudi.

Kesho nikimwambia anaumwa kweli, atacheka tena.